Mama Hakuambiwa Atembee Kwenda Wapi

Karibia kidogo, wewe unayenisikiliza, hasa kama umepimwa siku hizi ukaambiwa sukari imepanda, ukarudi nyumbani na karatasi inayosema ule kidogo na utembee sana. Sitakutisha. Kazi yangu ya miaka mingi kama infirmier, yaani muuguzi, katika kituo cha afya cha mtaani hapa Butembo, ni kueleza maneno kama hayo polepole mpaka mtu ayaelewe. Wagonjwa huniambia kwamba naeleza vizuri. Ndiyo maana bado inaniuma kwamba mtu niliyemweleza nusu nusu ni mama yangu.

Mama anaishi Beni, katika komine ya Beu, pamoja na mdogo wangu na mkewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini alilima shamba la kakao na muhogo, mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Kila siku isipokuwa Jumapili alikwenda huko na kitunga mgongoni, mkanda wake umekaa kwenye kipaji cha uso, akarudi na kuni, ndizi au sombe, yaani majani ya muhogo. Hakuna aliyeita jambo hilo mazoezi. Kisha watu wakaanza kuuawa na waasi mashambani, upande ule ule. Jirani mmoja alikwenda asirudi. Wiki hiyo mama alitundika kitunga nyuma ya mlango.

Kilichofuata hatukukiona kuwa ugonjwa. Aliendelea kula bugali la mtu anayelima, lakini sasa alikula akiwa ameketi tangu asubuhi. Alasiri walikuja akina mama wa kanisa kumfariji, na kwa kuwa sisi Waprotestanti hatumpokei mgeni kwa pombe, tunampokea kwa sucré, zile chupa za maji matamu yenye rangi, tukiamini kwamba kinywaji kisicholevya hakina kosa. Mama alikunywa pamoja nao kila siku. Akanenepa, na majirani wakamsifu. "Ona vile mama amenona," walisema. "Batoto ba Butembo banamutunza muzuri." Nami nilipokea sifa hizo kwa furaha, mimi ninayepima sukari za watu wengine.

Kidonda ndicho kilichonizindua. Kilikuwa kidogo tu, chini ya kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, lakini kilikaa wiki sita bila kufunga. Nilipanda gari kwenda Beni na mashine yangu ya kupimia, nikamchoma kidole, na namba iliyotokea sikuitamka. Hospitalini alipewa vidonge, kidonda kikaoshwa siku baada ya siku mpaka kikafunga. Daktari aliporuhusu atembee, nikachukua zamu yangu ya kueleza.

Nilieleza kama ninavyofanya kila Jumatano kwa wagonjwa wangu. Nilichukua sahani yake mwenyewe, nikamwonyesha kwamba nusu nzima iwe mboga ya lengalenga au sombe isiyoogelea katika mafuta ya mawese. Katika nusu iliyobaki, upande mmoja uwe maharagi au samaki, na mwingine bugali lisilozidi ngumi yake. Akakunja ngumi, akaitazama, akauliza kama anaweza kuazima ya mdogo wangu. Tulicheka. Nikamwambia chai anywe bila sukari, na sucré awaachie wageni. Halafu nikamwambia atembee kila asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa kuwa miguu inayofanya kazi hutumia sukari iliyoingia mwilini, kama jiko linavyokula makaa. Aliitikia yote. Mama ni mtu wa kumtii daktari, na siku hiyo daktari nilikuwa mimi.

Mwezi wa kwanza habari zilikuwa njema. Mke wa mdogo wangu alinipigia simu kila Jumamosi: namba inashuka, bugali limepungua, mama anatoka alfajiri na kurudi ametokwa jasho. Sikuuliza anatembea wapi. Wagonjwa wangu nawauliza hata chumvi wanaitia kabla au baada ya maji kuchemka, lakini hilo sikuuliza.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, simu ililia nikiwa kazini.

"Yaya," alisema mke wa mdogo wangu, kama tunavyomwita mkubwa wa familia, "mama hajarudia."

Nilimuuliza alitoka saa ngapi. Saa kumi na mbili. Nilimuuliza alielekea upande gani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kitunga hakiko nyuma ya mlango. Kwamba mama hukichukua kila siku, naye alikuwa amemwomba asiniambie. Akaongeza kwamba tangu saa mbili risasi zilikuwa zikisikika upande wa mashamba.

Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi mbele yangu. Niliendelea kueleza, maana sikujua kufanya kingine. Mama mmoja aliniuliza kipimo cha bugali, nikakunja ngumi kumwonyesha, halafu nikasahau nilichokuwa nasema. Aliniangalia, akasogea karibu na kiti changu, akasubiri.

Saa nane simu ililia tena. Mama alikuwa amefika. Aliposikia risasi alijificha chini ya miti ya kakao pamoja na wanawake wengine wawili, kisha wakakatiza porini kurudi mjini. Kiatu kimoja kilibaki huko.

Kesho yake nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, kitunga kando yake na ndizi ndani. Kiatu alikiacha, ndizi hakuziacha. Nilifungua kitambaa. Pale pale palipokuwa pamefunga palikuwa pamechanika, pana udongo, naye hakuwa amesikia maumivu yoyote. Hiyo ndiyo sukari: huua kwanza sauti ya mguu.

Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilitoka kama hasira. Nilimwambia kwamba nilisema atembee hapa mtaani, si kwenda kufa.

"Hapa mutaani haukusema," alinijibu. "Ulisema nitembee. Mutu anatembeaka akienda fasi. Nizunguke avenue mikono mutupu, nirudi mikono mutupu, batu baseme mama ya infirmier amepata wazimu?"

Alisema kweli. Kwetu anayetembea bila mzigo wala fasi, yaani mahali pa kufika, ni mgonjwa wa akili au ni mgeni. Mwanzoni, aliniambia, aliishia kwenye miti ya kwanza ya kakao, kuona tu. Kila wiki alisogea mbele kidogo.

Nikiwa naosha kidonda alisema tena, bila kuniangalia: "Na shamba ile, kama hakuna mutu anafikaka, itakuwa ya nani?"

Niliendelea kuosha udongo kidondani.

Kidonda kilioza, na kidole cha mwisho tukakipoteza. Ilichukua miezi mpaka mguu ukapona, na miezi hiyo mama aliketi na namba ikapanda. Daktari aliporuhusu tena, sikutaja mazoezi. Nilimwomba achukue kazi ya kununua mboga za nyumba, si kwenye meza ya mchuuzi iliyo mlangoni bali katika soko la upande wa pili wa Beu, robo saa kwenda na robo saa kurudi, barabara yenye watu.

"Hiyo ni fasi," alisema, akaomba kitunga kidogo.

Sasa anakwenda, na viatu vilivyofunga vidole. Siku mji unapofungwa kwa hofu haendi, na mashine husema hivyo kesho yake. Mke wa mdogo wangu ananiambia kwamba asubuhi nyingine mama husimama pale barabara inapogawanyika, akatazama upande wa mashamba, ndipo anapinda kwenda sokoni.

Jumatano zangu nazo zimebadilika. Kabla ya sahani na ngumi, namuuliza kila mtu: ukitoka nyumbani asubuhi, utafika wapi, utarudi na nini mkononi, na njia ikoje? Wengine huona ninapoteza wakati wao.

Nawe nakuuliza vilevile. Chagua leo mahali pamoja panapofikika kwa robo saa, kwenye njia salama, penye kitu kidogo cha kurudi nacho kama mzigo mwepesi. Kesho asubuhi angalia kwanza nyayo zako, chini na katikati ya vidole. Kama hakuna jeraha, vaa viatu vilivyofunga, mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi, na uende.