Utepe wa Bluu Mwaka wa Lambo Kukauka

Jirani yangu hapa Manundu akisuuza mashati meupe kwa bluu ya kufulia, ile harufu yake ya baridi hunirudisha kwenye uwanja wa shule yetu, kijijini jirani na Kwamsisi, mwaka ambao lambo lilibaki tope tu.

Nieleze kwanza, kwa maana huenda hujawahi kuona ugomvi wa maji. Sisi tulikuwa wakulima, wenzetu wafugaji, na lambo lilikuwa moja. Ng'ombe wakisogea, walirushiwa mawe. Mama zetu wakienda kuchota, walikuta vijana wenye fimbo wamewatangulia. Hata dukani salamu ilikuwa haiitikiwi.

Katikati ya hayo, Mwalimu Yustina akatuandalia mbio za kupokezana vijiti. Alikuwa mwenyeji wa Makuyuni, upande wa Korogwe, binti wa mkata mkonge, na katani aliijua tangu utoto. Kwa kuwa fulana hatukuwa nazo, alitusukia tepe za katani za kufunga kichwani, akazitia rangi za bendera. Majani ya kunde yaliyopondwa yalitoa kijani, bizari ikatoa manjano, masizi ya sufuria yakatoa nyeusi, na bluu ya kufulia ikamaliza kazi.

"Kijani ni mimea yetu," alitufundisha. "Manjano ni madini, nyeusi ni sisi watu, bluu ni maji."

Maskini, aligawa tepe kwa kufuata madawati. Nyuma walikaa watoto wa wafugaji, wakapata bluu. Nami, kwa urefu wangu, nilikaa nyuma pamoja nao.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Baba hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mwanaidi, maji wamepewa Wamasai?"

"Ni mbio tu, baba."

"Mbio! Kesho watasema hata shule inajua lambo ni la nani. Hukimbii."

Nami nilitaka kukimbia kuliko kula. Hakuna aliyenishinda pale shuleni, na mwalimu alikuwa amenipa kijiti cha mwisho.

Siku ilipofika nilimkaidi baba, nikaufunga utepe wangu wa bluu kichwani. Wazazi walisimama pande mbili za uwanja kama watu waliokuja kwenye kesi. Naserian, niliyekaa naye dawati moja, alinijia mbio, kijiti mkononi.

"Shika! Usimwangalie baba yako!"

Nikashika.

"Mtoto wa Salehe anawakimbilia ng'ombe!" sauti ya upande wetu ikapaa. "Ukimaliza ulale hukohuko bomani!"

Walicheka kicheko kikavu. Nikakimbia, nikafika wa kwanza. Upande wa pili kijana mmoja akapiga fimbo chini: "Bluu yetu! Maji yetu!" Donge la udongo likaruka kutoka kwetu, kisha mawe. Mwalimu alisimama katikati, mikono wazi, akilia, "Ni rangi tu, jamani!" Hakuna aliyemsikiliza.

Baba alinivuta mkono, akang'oa ule utepe pamoja na nywele zangu, akaukanyaga. Nyumbani tukakuta jasho limeyeyusha rangi na kuniachia mstari wa bluu kwenye paji la uso. Mama aliusugua kwa kitambaa kikavu mpaka ngozi ikawaka. Maji ya kuiosha bluu hayakuwepo.

Naserian hakukaa tena nami. Nilimtafuta kwa macho, naye alitazama ubao.

Nilidhani baba alichukia utepe. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba aliogopa, na kwamba aliyaelewa maneno ya mwalimu kuliko mwalimu mwenyewe. Kwenye bendera bluu imeshonwa pamoja na rangi nyingine, haimtishi mtu. Ichane, upe upande mmoja mwaka wa kiu, uone.

Juzi baba alikuja kunitembelea. Tuliwasha televisheni, timu ya taifa inaingia uwanjani.

"Wetu ndio wepi?" akauliza.

"Wenye bluu, baba."

Alinitazama paji la uso, kisha akaomba maji ya kunywa.