Chupa ya Maji ya Mtoni

Enzi za Mwingereza, pale Goweko, sisi wanawake tulijitolea kuulinda mto. Homa ya matumbo ilikuwa imetuchosha. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, alituachia chupa: kila nyumba, kwa zamu, ichote maji pale watoto wanapoogelea, chupa ipande treni kwenda hospitali ya Tabora, maji yakapimwe. Yakikutwa na vijidudu, dresa anafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa ukingoni, na mtoto haingii. Hatukulipwa, lakini zamu tuliigombea. Mimi nilijiona daktari kabisa.

Zamu ya nyumba yetu aliichukua mama mkwe. Jibu likarudi: maji safi. Kitambaa chekundu kilichofungwa zamu iliyotangulia kikafunguliwa. Mwanangu wa kwanza, aliyependa maji kuliko chakula, aliruka mtoni na nguo zake. Kabla mwezi haujaisha tulimzika. Dresa alisema ni homa ile ile. Niliilaani hospitali, nikailaani na treni. Waliokuja kunipa pole niliwajibu vibaya, na mama mkwe ndiye aliyewaomba radhi kwa niaba yangu.

Zamu iliporudi kwetu, nilimkuta jikoni. Chungu kilichemka mekoni. Kando kulikuwa na chupa ya dresa, imeoshwa ikang'aa, na kipande cha kanga cha kuchujia.

"Mama, maji ya nani hayo?"

"Ya hospitali, mwanangu. Yapoe kwanza, niyachuje."

"Unayachemsha?"

Alinitazama kana kwamba nimekosa adabu. "Watu wametuomba maji. Hapa wazee wetu walinywesha misafara, leo mimi nimpe mgeni maji ya mtoni hivi hivi? Na dresa mwenyewe si ndiye aliyetufundisha kuchemsha? Mara ile walisifu kwamba ni safi."

Hasira ilinipanda, nikataka kumtamkia yote. Lakini mikono ile iliyokuwa ikichochea kuni ndiyo iliyompokea mwanangu alipozaliwa.

"Safari hii wanayataka mabichi," nikasema.

"Mabichi? Aibu gani hii!"

Tulikwenda wote mtoni. Alichota huku amegeuza uso.

Siku chache baadaye dresa alikifunga tena kitambaa chekundu. Mama mkwe alisimama akikitazama.

"Mwanangu," akasema, "kwa hiyo yale ya kwanza..."

Nilimshika mkono, tukarudi nyumbani.