Jina Langu Ndani ya Kompyuta ya Romanus

Duka letu la picha, mtaa wa Lizaboni, lilijengwa kwa tumbaku yangu. Nililima Namtumbo kwenye shamba alilotuachia baba, Romanus mume wangu akanunua kamera, kompyuta na printa. Ubaoni tukaandika Kunegunda Studio. Mimi sikusoma, lakini jina langu nalijua nikiliona.

Kompyuta ilipojaa virusi tulimwita Hironimus, fundi wa Matogoro. Aling'oa mfumo wa zamani, akaweka Linux, kisha akaanza kuweka kitu kinachoitwa Docker. Bando la simu lilikuwa linashusha programu polepole, kwa hiyo alishinda kwetu, na mimi nikampikia ugali na dagaa wa Nyasa.

"Mama, programu ya kutunza picha inakaa ndani ya kontena lake," aliniambia akila. "Ni kama vyungu vyako vya pombe. Kila chungu na chake, kimoja kikichacha vibaya hakiharibu kingine. Kontena linataka jina. Niliite nani?"

Romanus akacheka. "Liite Kunegunda. Si ndiye anabeba kila kitu hapa?"

Tukacheka wote. Kisha Hironimus akawa makini. "Kwa sasa picha zenyewe zimo humo humo ndani. Kuzima na kuwasha hakuna shida. Ila mkilifuta, mmemwaga chungu na pombe yake. Leteni diski nyingine, nizitoe nje ya kontena."

Romanus aliitikia "sawa, sawa" huku anachezea simu na kutabasamu. Sikujua bado anamtabasamia nani. Diski haikununuliwa.

Aliyekuwa kwenye simu ni Oliva. Siku aliyoingia kwangu, mimi nilitolewa, kanga zangu zikiwa ndani ya mfuko wa mbolea. Majirani walitazama. Romanus alisema mbele yao kwamba nanuka moshi wa tumbaku na wateja wananikimbia. Nikarudi Namtumbo na mwanangu Aidani, kwa kaka yangu Xaveri, nikashika jembe tena.

Habari zilinifikia. Oliva amepaka rangi ubao. Amechoma vigoda vyangu. Amebadilisha mapazia. Lakini kila asubuhi Romanus akiorodhesha makontena yanayofanya kazi, jina langu linatokea kwenye kioo cha kompyuta, na Oliva ananuna mpaka mchana.

Kisha Romanus akanipigia. Nilikuwa nimebeba majani ya tumbaku kuyapeleka banini, kwenye kibanda cha kuyakaushia kwa moto na moshi.

"Mama Aidani, hujambo?"

"Sijambo. Leo umenikumbuka?"

"Ni hili jina lako kwenye kompyuta. Mwenzio hapa hana raha. Hironimus hapatikani, yuko kijijini. Wewe ulikuwa naye siku zile. Alisema lina nini?"

Nyuma yake nikamsikia Oliva: "Muulize kama amelilogea humo!"

Niliweka majani chini. Nilikumbuka chungu na pombe yake, neno kwa neno. Nilijua pia kwamba picha za kipaimara za parokia nzima zimo humo, hazijachapwa, na kwamba mazishi ya mama yangu yamo humo, na sina nakala.

"Ni jina tu, baba Aidani," nikasema. "Mimi mwenyewe ulinitoa, jina litakushinda?"

"Basi nilifute?"

"Lifute."

Alilifuta. Oliva alipiga kigelegele, nikakisikia kwenye simu.

Jumapili wazazi walijaa dukani kudai picha. Domina, aliyeimba nami kwaya, alivunja kioo cha mbele kwa kiatu. Duka halijafunguliwa tangu hapo, na Oliva amerudi kwao.

Juzi Romanus alikuja mwenyewe Namtumbo. Alisimama kwenye mlango wa bani, amekonda.

"Mama Aidani, Hironimus anasema tungekuwa na diski ya nje... Ulikuwa unajua?"

"Tuliambiwa pamoja. Wewe ulikuwa unachezea simu."

"Na mama yako alikuwa humo! Huna hata huruma?"

Mama yangu ninamlilia. Sura yake inaanza kunipotea, na hilo nililichagua mwenyewe. Lakini nilimtazama Romanus, moshi ukimtoa machozi, nikaongeza kuni.

"Toka hapo mlangoni," nikamwambia. "Utanuka tumbaku."