Waya wa klachi na kidole cha Isabirye

Barazani kwake Kimaka, mjini Jinja, Uganda, Ramlah anaushika waya mwembamba kwa ncha zake mbili, anaukunja hadi zikutane, kisha anaachia upande mmoja. Waya unaruka na kunyooka. Anauweka kulia kwake na kuchukua mwingine.

Huu wa pili unabaki umekunjika. Ramlah anautazama kwa hasira, utadhani umemtukana, na kuutupa kwenye debe bovu lililo nyuma yake. "Hii imekufa," anasema.

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, Mnubi, kitukuu wa askari aliyetoka Sudan. Wavuvi wanamwita Mama Twaibah kwa jina la binti yake. Dada zake wanasuka vikapu vya rangi, yeye anasuka nyaya: vipande vifupi vinavyokaa kati ya mshipi na ndoana, pale hasa kamongo anapouma.

Na kamongo anauma kweli. Samaki huyu mrefu wa kwenye matete hana meno mengi, lakini machache aliyo nayo yanabana na kukata kama mkasi wa fundi cherehani.

"Nilijaribu nailoni nene, akakata. Nikajaribu nyuzi za ndani ya tairi, akazitafuna mpaka zikaachana. Shaba inasukika vizuri, lakini akivuta kidogo tu imekwisha," anasema Ramlah. "Kebo ya klachi ya pikipiki ndiyo inamshinda."

Hata hiyo haitumiki nzima, kwa sababu ni nene na samaki akiigusa tu anaitema. Ramlah huifumua, akachagua nyuzi zake tatu na kuzisuka upya. Kipande kimoja huuza shilingi elfu moja, na kwa fedha hiyo amemsomesha Twaibah hadi chuo cha ualimu.

Kuna siku mvuvi Isabirye, mteja wake wa siku nyingi, alimletea habari kutoka kwa mtalii aliyekuja kuvua kwenye Nile. Kwao ziwa huganda, mtalii alisema, na watu hutoboa barafu wakavua samaki wa meno kwa waya wa namna hiyo hiyo. "Wanasimama juu ya ziwa?" Ramlah aliuliza. Hadi leo anaona alitaniwa.

Lakini habari ya barafu ilikuwa mchezo ukilinganisha na yaliyotokea mwezi uliopita.

Kamongo hapigwi akiwa majini. Mvuvi humwinua kwa waya, kichwa juu, na kumpiga rungu kabla hajagusa mtumbwi. Asubuhi hiyo Isabirye alikuwa amekwisha kumwinua na rungu lilikuwa mkononi. Waya ukakatika. Samaki akaanguka miguuni pake, na Isabirye alipoinama kumsukuma kando, samaki akakibana kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kikaenda.

"Uchungu sikusikia kwanza," anasema Isabirye. "Niliangalia mkono, nikaona kidole hakuna. Nikajiuliza, hii mkono ni ya nani?"

Habari zilimkuta Ramlah njiani akitoka sokoni. "Nilikaa chini pale pale kwa vumbi, watu wananipita. Ni mimi nilisuka ile waya."

Wiki hiyo hiyo nyaya za wavuvi wengine wawili zikakatika. Hapo minong'ono ikaanza. Mwaloni, pale ufukoni inapotia nanga mitumbwi, tangu zamani mwanamke hali kamongo wala hagusi ndoana yake. Ramlah alivumiliwa kwa kuwa aliuza waya mtupu, na ndoana wanaume walifunga wenyewe. Sasa wakasema mkono wake umesogea karibu mno na ndoana.

Mkubwa wa wavuvi, Muhammed, ndiye aliyetumwa kwake. Alikaa barazani, akakataa chai. "Dada yangu, mimi sisemi ni wewe," alimwambia. "Lakini watu wanasema. Kwanza simamisha kazi."

"Ningejibu nini?" anauliza Ramlah. "Kidole cha mtu kimekwenda."

Hakubishana. Alifunga nyaya zilizobaki kwenye leso, akaenda hadi mji wa Mbale kwa Mafabi, fundi wa pikipiki ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimwekea kebo za klachi zilizochakaa. Mafabi alimpokea kwa furaha, kama mtu anayengoja kushukuriwa.

"Maama, waya ya sasa iko safi, si ndiyo?"

"Safi namna gani?"

Akampeleka nyuma ya karakana. Palikuwa na pipa lililokatwa katikati, jivu, na rundo la kebo nyeusi ambazo plastiki yake ilikuwa imeteketea. Mafabi alikuwa akizichoma ili ganda na grisi vitoke.

Ramlah alielewa papo hapo. Waya wa chuma ukishaiva motoni hupoteza ugumu wake wote: unakunjika upendavyo, na ukivutwa kwa nguvu unakatika. Na yeye, alipotumiwa mzigo wa mwisho, nyaya laini zisizo na plastiki, alikuwa amemshukuru Mungu kwa kurahisishiwa kazi.

"Kwa nini uliweka moto?" alimuuliza.

Mafabi alionyesha vidole vya Ramlah, vyenye makovu ya wembe wa kuchunia plastiki. "Kila ukija, vidole iko na bandeji. Nilikuhurumia."

Alipoelezwa habari za Isabirye, fundi huyo alikaa juu ya debe la oili. Wateja wakaita, wakachoka, wakaondoka. Kwa simu, wiki tatu baadaye, sauti yake bado ni ya mtu aliyepigwa. "Mimi nilitaka kusaidia," anasema. "Sasa nimesaidia nini?"

Inashtua, na inaudhi. Mtu anatamani apatikane mwovu mmoja wa kulaumiwa, na hayupo.

Ramlah alirudi Jinja, akashuka mwaloni, akaomba kila waya aliouza tangu mzigo ule. Aliukunja mmoja mbele ya wanaume na kumpa Muhammed aukunje mwingine. Zote zilibaki zimepinda. Wengi walirudisha nyaya zao kimyakimya. Wachache bado wanasema ni mkono wa mwanamke.

Jeraha la Isabirye limepona, lakini kidole kilichokatika ndicho kilichokuwa kikikaza fundo la ndoana. Wiki iliyopita alikuja barazani, akazimwaga ndoana zake mkekani mbele ya Ramlah, jambo ambalo hakuna mvuvi aliyewahi kulifanya.

"Nilirudisha mikono nyuma," anasimulia Ramlah. "Nikamwambia, Isabirye, unajua watasema nini. Akasema, funga."

Amezifunga. Jumatatu Isabirye anarudi majini nazo, na mwalo mzima umeahidi kutazama. Ramlah amepanga kusimama ukingoni, akubaliwe asikubaliwe. Ombi lake ni samaki mmoja tu atakayepanda mtumbwini salama. Baada ya hapo, anasema, atamfungia yeyote atakayeleta ndoana.

Isabirye anaulizwa kama haogopi.

"Naogopa sana," anasema, akiuficha mkono wake kwapani. "Lakini ni samaki naogopa. Mama Twaibah simuogopi."