Saruji Juu ya Chokaa

Miaka arobaini fundi mwashi alitunza kuta za kanisa moja. Lilikuwa kanisa la Presbiteri, la mawe, lenye mnara mfupi na madirisha membamba. Halikuwa na picha wala sanamu, na mimbari ilisimama katikati, maana humo Neno ndilo mwenye nyumba. Babu yake alikuwa miongoni mwa waliolijenga. Baba yake alilirithi kama kazi, akamfunza mwanawe kwamba mawe yale yameshikwa kwa chokaa, na ukuta hupumulia humo. "Mzibe mtu pua," alikuwa akisema, "uone kama atakuimbia."

Fundi alilijua hilo, na hapo ndipo penye uchungu.

Miaka saba nyuma, kanisa lilipotimiza karne, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwalimu mstaafu, alimwita mbele ya wazee wa kanisa.

"Fundi, ukuta gani huu unapukutika kama mkate mkavu? Piga saruji, ung'ae. Wageni wanakuja."

"Chokaa inataka muda, Mwalimu."

"Wewe na chokaa yako! Utazikwa unaikoroga."

Wazee wakacheka. Fundi naye akacheka. Alikuwa amechoka kuitwa mtu wa zamani. Akaukandika saruji ukuta wote wa mashariki, toka msingi hadi paani, na siku ya sherehe, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kanisa zima likampigia makofi. Watu sisi! Kinachodumu hatukioni, kinachong'aa tunakishangilia.

Unyevu uliokuwa ukitoka kidogo kidogo kupitia chokaa ukakosa njia. Ukabaki ndani, ukayala mawe mwaka baada ya mwaka.

Mwaka huu, siku ya Jumanne, mhandisi aliyeitwa na kamati aliugonga ukuta kwa kidole. Ukalia kama mtungi mtupu.

"Huu hauponi," alisema. "Ushushwe kabla haujaua mtu."

Mwenyekiti akaguna. "Ndiyo hivyo. Wale waliojenga walilipua kazi."

Fundi angeweza kunyamaza. Marehemu hajitetei, na hakuna aliyekuwa akimtazama yeye.

"Babu hakulipua," alisema. "Ni mimi niliyeuua ukuta."

"Ah, fundi, usijitwike mzigo wa watu. Tuliamua sote."

"Ninyi hamkujua, Mwalimu. Mimi nilijua."

Mwenyekiti akainamia karatasi zake, asizisome.

Wiki iliyofuata binti wa fundi alimkuta baba yake akifunga jukwaa la mbao ukutani.

"Baba, si uwaachie vijana wenye nyundo?"

"Wataupiga, mama. Mimi nitaushusha."

Akabandua saruji, akaanza na jiwe la juu kabisa. Lilitoka zima. Upande wake wa nyuma, ambao haukuwa umeonwa tangu babu na wenzake walipouficha, ulikuwa na alama za tindo, fupi fupi, zimelala pamoja kama nyasi. Akazipapasa kwa kidole gumba. Akaliweka pembeni, akanyoosha mikono kulichukua la pili, nalo likamvunjikia viganjani, likawa matope.