Isale Lililosafiri Hadi Dar

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na akili zangu zote, kwamba joto la Dar es Salaam humchemsha ubongo mtu wa mlimani mpaka akasahau kwao. Niliamini kama ninavyoamini kwamba rejeta isiyo na mfuniko itakauka kabla gari halijafika Oldonyo Sambu. Habari hiyo niliipata gereji, Sakina hapa Arusha, ambako mpaka leo naziba rejeta zilizotoboka. Aliyenipa alikuwa fundi umeme wa magari, jirani yangu wa benchi, ambaye aliwahi kuishi Dar miezi michache akarudi amekonda kama nyaya zake.

"Chalii yangu," alisema, "wa Pwani wenyewe haliwadhuru, wamezaliwa nalo. Sisi damu yetu nzito, imezoea baridi. Kiangazi cha kwanza unasahau Kimeru. Cha pili unasahau ng'ombe wa kwenu. Cha tatu mama yako anakupigia simu, unamuuliza, samahani, nani mwenzangu?"

Gereji nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike kule, na alikuwa amekwisha vuka viangazi vitatu bila kurudi nyumbani.

Alikwenda kusoma chuo kikuu, na alichokwenda kusoma ni bahari. Sisi ni watu wa kahawa na migomba. Ukikusanya samaki wote waliowahi kuliwa katika ukoo wetu tangu mlima ulipoacha kutema moto, hawajazi sahani ya harusi. Baba alikuwa amemtafutia nafasi ya ualimu hapa hapa Arusha, arudi jioni anywe maziwa. Yeye akachagua mwani na samaki. Jioni aliyomwambia Baba, mimi sikuwepo. Nilikuwa mjini kwenye masomo ya jioni, nahangaika na kidato cha tatu pamoja na watu wenye wajukuu, na niliporudi wote walikuwa wamelala. Asubuhi mdogo wangu alibeba begi lake na sweta la kahawia alilofumiwa na Mama, akaondoka. Mama akaniambia, "Mwenzio amekwenda shule," akashika ndoo, akaenda kukamua.

Kwetu mtu anaweza kukosekana mwaka mzima asiulizwe. Krismasi ndiyo haikosekani. Mwezi wa Desemba ukifika, wote waliotawanyika hupanda mlima: mwenye gari na gari lake, mwenye deni na visingizio vyake, hata waliokosana na wake zao huja mmoja mbele, mwingine nyuma. Mdogo wangu hakuja. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, akauliza Baba ameamkaje, kahawa imechanua, nani amezaa. Nikimuuliza, "Unakuja lini?" alijibu neno moja tu: "Bado." Nami nikikata simu najisemea, maji yanazidi kupungua kwenye rejeta.

Kisha Baba akaugua. Moyo ulichoka. Hospitali walimpa dawa, wakatuambia kwa upole kwamba akae nyumbani, ale anachokitaka. Alichokitaka hakikuwa chakula. Kila alasiri alikaa kwenye kiti kinachotazama njia inayopanda kutoka Tengeru, na kila mtu aliyekuja kwa mbali alimtazama mpaka amfikie na kumpita. Hakusema anamsubiri nani. Lakini mtu aliye na watoto wawili, mmoja akiwa amesimama nyuma ya kiti chake, anamsubiri nani mwingine?

Asubuhi moja ya Januari alinyanyuka mwenyewe. Nilimkimbilia, akanisukuma kwa kiwiko. Alitembea hadi kwenye mpaka wa shamba, akipumzika kila mgomba, akakata isale moja kwa kisu chake.

Isale, kwa asiyelijua, ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani na makaburini. Lakini kazi yake kubwa ni msamaha. Aliyekosa humpelekea aliyekosewa, na hata kama alimchomea nyumba, aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Na jinsi nilivyokua nikiliona, isale lilipanda tu, halikushuka: mtoto kwa mzazi, mdogo kwa mkubwa. Sikuwahi kuona mzee akimpelekea mtoto.

"Mpelekee mdogo wako," Baba alisema. "Mkononi."

"Nimwambie nini, Baba?"

"Mpe."

Nilimtazama Mama. Mama akageuka upande wa zizi.

Nikafunga safari. Isale nililizungushia jani la mgomba lenye maji, nikaliweka begini na kibuyu cha maziwa mgando ambacho Mama alinikabidhi kama mtoto mchanga. Kwenye basi nilikaa dirishani nikajisomea mwili wangu kama fundi anavyosoma geji. Moshi, salama. Same, kola imelowa. Korogwe waliuza machungwa madirishani, nikala nusu kapu, si kwa njaa, nilikuwa najaza maji kwenye rejeta. Na kila baada ya mji nilijipima kwa kuvitaja vijito vyote vya mlimani vinavyopita kijijini kwetu, nione kama kuna kilichopotea. Mahali fulani kabla ya Chalinze kibuyu kilipasuka kizibo. Nakwambia kililia kama bunduki! Maziwa yalimfikia abiria wa kiti cha mbele, baba mtu mzima, aliyegeuka ana ndevu nyeupe ambazo hakupanda nazo. Akajilamba, akasema, "Ya Meru haya," akageuka mbele akalala.

Dar ilinipokea kama mdomo wa tanuri. Hata upepo ulikuwa wa moto. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale kituoni, amenenepa kidogo, anang'aa, akaninyang'anya begi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Sikutaka kupoteza muda, nikaanza kumpima. "Yule ng'ombe wetu mwenye pembe moja, ya pili aliivunjia wapi?"

Aliniangalia. "Kwenye mparachichi. Siku uliyoacha kamba ukakimbilia mpira. Kuna nini?"

"Hakuna. Na kijito cha chini ya kanisa?"

"Kaka, jua limekupata. Twende ukaoge."

Niliogopa zaidi. Nilisikia kwamba mgonjwa wa namna hiyo hukumbuka ya zamani vizuri sana, akapotelea kwenye ya sasa.

Chuo chao kimekaa juu ya vilima ambavyo sisi tungeviita vichuguu. Wanafunzi walitembea kivulini kwa mstari kama siafu, kunguru wamekaa matawini midomo wazi, nao wanahema. Mdogo wangu alikuwa amemaliza shahada ya kwanza, anaendelea na ya pili, na mchana anasaidia maabara. Alinipitisha huko. Mwani ulikuwa umetandazwa mezani, wa kijani, wa kahawia, mwingine mwekundu kama utumbo wa mbuzi, na akanieleza unavyokua, unavyougua bahari ikipata joto, na akina mama wanaoulima wanavyopoteza mavuno. Alizungumza huku ameinama, akigeuza jani moja kwa kidole kimoja. Niliwahi kuuona mgongo ule. Ni mgongo wa Baba akikagua ugonjwa wa buni.

Chumbani kwake feni ilisukuma joto kutoka kona hii kwenda ile. Nilikaa miguu ndani ya beseni la maji, taulo bichi kichwani, kama mtambo ulioharibika. Ndipo nikaona, nyuma ya mlango, sweta la kahawia. Limefuliwa, limekunjuliwa vizuri, limetundikwa mahali ambapo mwingine angetundika mwavuli.

"Hili la nini huku?" nikauliza.

"La nyumbani."

"Unalivaa?"

"Kwenye joto hili? Ningekufa. Nalifua tu kila Desemba."

Basi, hapo moyo wangu ulianguka. Mtu anafua sweta asilolivaa, katika mji ambao hata mijusi inatafuta kivuli! Nikajua kichwa kimekwenda, na kwamba Baba atakufa akiitazama njia.

Nikamwambia hali ya Baba. Alijua kwamba anaumwa, hakujua kwamba tumeambiwa ale anachokitaka. Alikaa kitandani polepole.

"Twende nyumbani," nikasema. "Kesho."

"Kaka, siwezi."

"Una mtihani?"

"Hapana."

"Sasa?"

Aliangalia mikono yake. Feni ikazunguka, nami nikasikia hasira inapanda, kisha ikanishuka, kwa sababu mgonjwa hagombezwi. Nikatoa miguu kwenye beseni, nikafungua begi. Jani la mgomba lilikuwa limekauka na kunuka maziwa, lakini isale lenyewe lilikuwa kijani kama lilivyokatwa. Mmea ule una roho ngumu.

"Baba amesema nikupe mkononi."

Mdogo wangu alisimama. Hakulipokea. Alikwenda bombani akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akarudi, akalipokea kwa mikono miwili.

"Limetoka kwa Baba?"

"Kwa Baba."

"Si Mama aliyekupa?"

"Baba alilikata mwenyewe. Nilitaka kumshika akanisukuma."

"Alisemaje?"

"Hakusema. Ila inajulikana, anataka umrudishie. Uje nalo, umwombe radhi kwa kusahau nyumbani, yaishe."

Aliniangalia muda mrefu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Machozi yalimtoka bila sauti, nayo yalichanganyika na jasho hata usingejua lipi ni lipi. Kisha akasema, "Sawa, kaka," akaenda nyuma ya mlango, akalitungua sweta.

Tulirudi kesho yake. Njia nzima isale lilikuwa mapajani mwake. Tulipofika Usa River hewa ilibadilika, Meru umejitoa wote bila wingu, naye akalivaa sweta lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Nyumbani Baba alikuwa ameshindwa kukaa kwenye kiti. Alilala chumba cha mbele, mlango wazi. Mdogo wangu alifika kizingitini akasimama. Miguu yote miwili nje. Nikamsukuma kidogo, nikidhani amesahau kwamba ni nyumba ile ile, maana tulikuwa tumepaka rangi. Hakusogea. Baba alifungua macho, akamwona amesimama na isale kifuani. Mama alikuwa ameshika sufuria ya loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, hakuiweka chini.

"Ingia, mwanangu," Baba akasema.

Ndipo akaingia. Akapiga magoti kando ya kitanda, Baba akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo. Baada ya muda nilimsikia, sauti imeisha kama redio yenye betri chakavu:

"Hao samaki hawajambo?"

"Hawajambo, Baba. Wanakusalimu."

Baba alicheka mpaka tukaogopa. Tangu siku hiyo hakuomba tena kuketishwa kwenye kile kiti. Mdogo wangu aliomba ruhusa chuoni, akabaki kumlisha, kumgeuza, kumsimulia habari za mwani kana kwamba ni za kahawa, na Baba akauliza maswali ya mkulima: unapandwa umbali gani, unaliwa na wadudu gani. Masika yalipoanza kugonga mabati, Baba akalala asiamke.

Tulimzika kati ya migomba yake. Mchungaji alisema maneno machache, kwaya ikaimba kwenye mvua, udongo ukiwa mweusi na mzito. Mdogo wangu alipanda kaburini lile isale, ambalo lilikuwa limetoa mizizi ndani ya kopo la maji dirishani kwa Baba.

Watu walikaa msibani. Mafundi wenzangu walipanda kutoka Sakina, wakaketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na mimi, ambaye huzuni ikinizidi mdomo hufunguka wenyewe, nikawasimulia safari nzima. Niliwaambia kibuyu kilivyoangusha watu kumi. Niliwaambia mdogo wangu nilimkuta hajui hata njia ya kwao, amelivaa sweta saa sita mchana anatetemeka. Na nikawaambia nilichokuwa nakiamini bado: kwamba isale ni dawa, lina ubaridi wa mlima ndani yake, ukimshikisha mtu aliyechemshwa na joto la Pwani, kumbukumbu hurudi hapo hapo. Fundi umeme alitikisa kichwa kwa heshima. Akasema angejua, naye angebeba moja.

Mdogo wangu alikuwa anapitisha chai. Alisimama nyuma yangu akasikiliza mpaka mwisho, akaweka sinia kwenye majani, akavuta kiti akakaa karibu nami. Hakukasirika. Alinishika mkono.

"Kaka," akasema, "mimi sikusahau kitu. Jioni ile wewe ulikuwa darasani. Baba aliniambia nikienda huko nisikanyage hapa mpaka aniite yeye mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa nasubiri aniite. Na lile isale hakunitumia nimrudishie. Alikuwa ananiomba msamaha."