Bakuli la Shaba la Bibi

Harufu ya udongo uliolowa ndiyo inayonirudisha Kigwa. Sisemi harufu ya mvua, ile inayosifiwa na kila mtu. Nasema udongo wa kusugulia mikono, mara moja kwa udongo na mara sita kwa maji, kwa sababu mbwa alikuwa amenilamba na Bibi alikuwa amesimama mlangoni akihesabu. Akipotewa na hesabu, tulianza upya. Sisi tulikuwa watu wa Tabora mjini, Baba fundi cherehani, na mbwa tulimjua wa kupita barabarani tu. Tulipohamia kijijini Kigwa wakati wa Ujamaa, nguruwe pori wakatufilisi mahindi msimu wa kwanza, ikabidi Baba alete mbwa jike wa kulinda shamba. Bibi, mama yake Baba, alikubali kwa kuwa mbwa wa shamba ana ruhusa katika dini. Lakini aliweka sharti: atakuwa na chombo kimoja, kata ya kibuyu, nayo haitachanganyika na vyombo vya watu hata siku moja.

Mbwa yule akazaa watoto wanne. Nilikuwa na miaka tisa, na jamani, niliwapenda kupita kiasi. Nilijua nani anakoroma na nani mchoyo wa uji. Mdogo kabisa alikuwa na doa jeupe begani, nikamwita Doa, naye hakulala mpaka aingize pua ndani ya ndala yangu. Bibi aliniita mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, akasema mke mwenza ameshapata watoto wanne na ugali bado hajui kuusonga. Walipoachishwa kunyonya, kazi ya kuwapelekea uji ikawa yangu.

Wenyeji walisema zamani kila kaya ilikaa peke yake, mbali na nyingine. Sasa nyumba zilikuwa zimepangwa mistari kama madawati, na mbwa nao wakawa majirani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa rafiki yangu Kabula, ambaye wazazi wake walikuwa wafugaji waliotoka upande wa Igunga. Mbwa wao akaanza kutoka usaha machoni na kamasi puani, chakula hataki. Nikamwonea huruma. Kwa kuwa sikuruhusiwa kumpa mbwa chakula katika chombo kingine chochote, nikampelekea uji kwa kata yetu ile ile, nikakaa naye mpaka akalamba kidogo. Niliporudi nikanawa mara saba, vizuri kabisa, udongo na yote. Kata sikuiosha. Kwa akili yangu ilikuwa imeshakuwa ya mbwa, na mbwa ni mbwa, najisi haiongezeki. Jioni nikawapa uji wanangu.

Zikapita siku kama kumi. Watatu kati yao wakaanza kukohoa, miili ikawa ya moto, macho yakagandamana kwa usaha. Mmoja akatetemeka miguu asubuhi nzima, akafa. Wa pili akamfuata. Baba akamwita bwana mifugo, akaja na baiskeli yake, akawatazama, akauliza wanakula kwenye nini. Nikamweleza kila kitu. Hakunikaripia. Alisema ugonjwa ule hukingwa kwa sindano kabla mtoto wa mbwa hajaugua, na sindano hiyo hakuwa nayo. Dawa ya kumponya aliyekwisha kuugua haipo. Doa alikuwa bado anakula, basi atengwe, alishwe kwanza kabla ya mgonjwa, ninawe kabla ya kumshika na siyo baada tu, na apewe chombo chake mwenyewe cha kuchemshwa, kwa maana kibuyu hunywa uchafu kwenye nyufa. Akaongeza kwamba pengine tumeshachelewa. Mchuma janga hula na wa kwao, wazee walisema, lakini hawakusema mtoto wa miaka tisa afanyeje anapowatazama hao wa kwao.

Jikoni kulikuwa na masufuria mawili na sahani za watu. Nilisimama pale sithubutu hata kuuliza. Bibi alikuwa na bakuli la shaba, lililoletwa kutoka pwani na babu yake aliyekuwa mpagazi wa misafara. Yeye peke yake ndiye aliyelinywea uji, hata Baba hakupata kulinywea. Akatoka nalo, akaliweka chini mbele yangu.

“Vyombo vya watu sina ruhusa navyo,” alisema. “Hili ni langu. Kachemshe maji.”

Nikamwambia, huku nalia, kwamba mimi ndiye niliyewaua.

“Wewe ulimpa mgonjwa chakula, hukujua,” akasema. “Haya, nawa. Mtoto ana njaa.”

Mtoto! Bibi huyo huyo aliyeshika upindo wa kanga yake kila mbwa alipopita. Wa tatu alikufa, tukamzika karibu na nduguze. Doa hakuugua. Ulipokwisha mwezi mzima nikalisugua bakuli kwa udongo, nikalisuuza mara sita, nikalimalizia kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa, nikampelekea Bibi. Alikuwa anakunywa uji kwenye kopo.

“Ni safi, Bibi. Nimehesabu.”

“Najua ni safi, mke mwenza. Lakini mwenyewe bado anakula.”

Sasa nakaa Ipuli, hapa Tabora mjini, nina mbwa watatu. Juzi nilimpeleka mdogo wao kuchanjwa. Sindano ilikwisha kabla hajajua kuna sindano, na daktari akaniandikia siku ya kurudi kwenye kadi, kama ya mtoto wa kliniki. Nikakaa na kadi ile mkononi nikalia, watu wakadhani mbwa kafa. Wajukuu wangu hunicheka kwamba mbwa wangu wana vyombo vingi kuliko mimi. Nawaacha wacheke. Doa alikula katika shaba mpaka akazeeka, na Bibi alikunywa uji kwenye kopo mpaka siku aliyofariki.